Usekula haukubaki, ulijengwa

Anayesali "Atukuzwe Baba" hufunga kwa maneno "na siku zote na milele". Katika Kilatini, pale kwenye "milele" pana neno saecula, wingi wa saeculum. Neno hilohilo ndilo lililozaa "sekula" ya siku hizi, ile tunayoifikiria tukisema serikali isiyo na dini au elimu isiyochanganywa na imani. Kwa Wakristo wa kale saeculum halikuwa eneo. Lilikuwa muda: zama hizi zetu, tangu anguko la Adamu hadi Bwana arudi, ambamo watakatifu na wakosaji wanaishi pamoja kama ngano na magugu. Padri wa jimbo aliitwa kwa Kilatini padri wa saeculum, na hakuna aliyemwona ana dini pungufu kuliko mtawa. Aliitwa hivyo kwa sababu alihudumu katikati ya shughuli za zama hizi, bila kuishi chini ya kanuni ya shirika.

Muda uligeukaje kuwa eneo, tena eneo lenye ukuta na mlinzi mlangoni? John Milbank, mwanateolojia Mwanglikana wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1952, alilishika swali hilo katika Theology and Social Theory, kitabu kilichotoka mwaka 1990 na kutolewa tena mwaka 2006 kikiwa na dibaji mpya. Ni kitabu kigumu, na wengi hukitaja bila kukifikisha mwisho. Hata hivyo hoja yake inawahusu sana wanaosoma sosholojia, uchumi au siasa huku wakiamini Injili, kwa hiyo nitaieleza kwa vipande vyake, pamoja na mahali inapopwaya.

Tumezoea kuelezwa kwamba karne zilivyosonga, watu walimenya ganda la dini na ndani wakalikuta tunda lenyewe: siasa, uchumi, jamii, mambo yaliyokuwapo siku zote yakisubiri kuonekana. Milbank anaukataa mfano huo wa kumenya. Anasema tunda halikuwamo ndani. Lilibidi litungwe, na waliolitunga walitumia malighafi ya teolojia, mara nyingi teolojia iliyokwisha kupinda. Ndiyo maana nadharia nyingi za jamii zinazojiita huru mbele ya dini zina fundisho la dini tumboni mwake, au fundisho la kuipinga. Mwanateolojia anayekwenda kwanza kuwauliza wanasosholojia "jamii ni nini hasa", kisha anarudi kuweka aya za Biblia juu ya jibu lao, ameshapokea teolojia ya mtu mwingine bila kujua.

Anza na Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza. Kitabu chake Leviathan kilitoka mwaka 1651, kina sehemu 4, na wanafunzi wa siasa hupewa sura ya 13 hadi ya 17: hali ya asili, vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu, mkataba, kisha dola. Wanaishia hapo. Lakini sehemu ya 3 na ya 4, karibu nusu ya kitabu, zinahusu Maandiko, manabii, miujiza, ufalme wa Mungu na Kanisa. Kwa nini mtu anayejenga siasa isiyohitaji dini ahangaike hivyo na Biblia? Kwa sababu asipoisoma upya, jengo lake halisimami. Ni lazima kwanza athibitishe kwamba Kanisa halina mamlaka yake lenyewe katika zama hizi, kwamba mwenye kuamua tafsiri ya Maandiko kwa watu wote ni mtawala, na kwamba imani ni jambo la moyoni. Katika sura ya 17 anaiita dola "mungu mwenye kufa". Hapo tunashuhudia mafundi kazini, vumbi bado linatimka. Anayefundisha Hobbes kwa kuruka nusu ya pili anafuta alama za ujenzi, kisha anatuambia kuta zilikuwapo tangu enzi.

Uchumi nao una ukoo wake. Katika karne ya 17 huko Ufaransa, Pierre Nicole, wa kundi la Wajanseni, Wakatoliki waliosisitiza uharibifu wa binadamu, aliona ajabu moja: ubinafsi unaweza kufanya kazi ya upendo bila upendo kuwapo. Ni upendo gani, aliuliza, ungemfanya mtu amjengee mwenzake nyumba nzima, aiwekee samani na kumkabidhi ufunguo? Tamaa ya fedha italifanya hilo kwa furaha. Nicole aliyasema haya kama mhubiri anayeamini kwamba binadamu ameharibika kabisa na kwamba Mungu, kwa maongozi yake, hugeuza uovu wetu ukazaa utaratibu. Zikifika enzi za Adam Smith na kitabu chake cha mwaka 1776, fikra hiyo imepoa na kuwa kanuni ya soko: kila mtu afuate faida yake na mkono usioonekana utapanga yaliyobaki. Maongozi ya Mungu yamebaki, lakini toba imeondolewa. Ndiyo maana Milbank anausoma uchumi wa kisiasa kama jibu la swali la kale la kwa nini Mungu mwema anaruhusu maovu. Nikitazama namna watu wanavyoambiwa wavumilie njaa ya leo kwa ajili ya ukuaji wa kesho, naona amelenga penyewe.

Nataka kukaa zaidi kwa Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, kwa sababu hapa sisi tunaosoma Biblia kwa Kiswahili tuna nafasi nzuri ya kuona kilichotokea. Weber aligawa mamlaka katika aina 3: ya mapokeo, ya kisheria na ya karisma. Karisma ni nguvu ya mtu asiye wa kawaida, nabii au shujaa, ambaye watu humfuata kwa jinsi alivyo. Akiondoka, wafuasi hubaki na ofisi, kanuni na mishahara, na moto unageuka majivu ya urasimu. Neno lenyewe Weber alilichukua kwa Rudolf Sohm, mwanasheria Mlutheri wa Ujerumani aliyeandika juu ya sheria za Kanisa mwaka 1892. Sohm alidai kwamba Kanisa la mwanzo liliongozwa na Roho peke yake, na kwamba sheria ya Kanisa inapingana na asili ya Kanisa. Ilikuwa hoja ya Mlutheri katika ugomvi wake na Ukatoliki. Weber aliitoa katika ugomvi huo, akaifanya kipimo cha dini zote na siasa zote za dunia.

Sasa fungua Wakorintho wa Kwanza, sura ya 12. Karisma, neno la Kigiriki, ni karama tu. Aya ya 28 inaorodhesha mitume, manabii, waalimu, miujiza, karama za kuponya, kisha "na masaidiano, na maongozi, na aina za lugha". Maongozi! Kazi ya uongozi na utaratibu, ile ambayo kwa Weber ndiyo kaburi la karisma, kwa Paulo ni karama mojawapo, imekaa katikati ya kusaidiana na kunena kwa lugha. Tena aya ya 7 inasema kila mmoja hupewa "kwa kufaidiana". Karama haimwinui mtu mmoja juu ya umati. Inaugawia mwili mzima viungo vyake. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya makanisa ya kiroho na kusema "kwa mujibu wa Weber, kanisa hili limetoka kwenye karisma kwenda kwenye urasimu" hajapima jambo kwa rula isiyo na upande. Amelipima Kanisa kwa teolojia ya Sohm, na Paulo hakuulizwa. Huenda bado akagundua jambo la kweli, maana makanisa hupoa kweli, na fedha huleta ofisi na ofisi huleta ugomvi. Ila sasa anajua rula ilitengenezwa na nani.

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, sitamtendea haki hapa. Kwa ufupi, katika kitabu chake cha mwaka 1912 alisema kwamba watu wanapoabudu, kinachoabudiwa hasa ni jamii yenyewe. Alijenga hoja kwa taarifa za watu wengine kuhusu wenyeji wa Australia, nchi ambayo hakuikanyaga. Swali la kumuuliza ni moja: huyo "jamii" aliye mkubwa kuliko kila mtu, anayetuamuru kutoka nje na kuishi ndani mwetu, amepatikana kwa uchunguzi, au ni sifa za Mungu zimehamishiwa anwani mpya?

Namna ya kufanya kazi hii imeshaanza kuonekana. Tafuta neno linalobeba mzigo wa nadharia: maslahi, jamii, karisma, dini, haki. Fuatilia lilitumikaje kabla nadharia haijalichukua, hasa katika mabishano ya Kanisa. Kisha uliza nadharia inaamini nini kilikuwa cha kwanza, ugomvi au amani. Swali hili la mwisho ndilo moyo wa Milbank na ndilo wasomaji wengi hulipita haraka.

Katika masimulizi ya kale ya Babeli, Marduk anamuua Tiamat, anaupasua mwili wake vipande viwili na kwa vipande hivyo anafanya mbingu na nchi. Ulimwengu ni mzoga uliopangwa vizuri. Amani katika ulimwengu wa namna hiyo ni vita vilivyokwisha kwa upande mmoja kushinda. Katika Mwanzo 1 hakuna mzoga. "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Hakuna aliyepigwa ili nuru ipate nafasi. Milbank anadai kwamba fikra nyingi za kisasa zimerudi kwa Marduk bila kumtaja: Hobbes na vita vyake vya asili, soko na ushindani wake, mwanafalsafa Nietzsche na wote waliomfuata wanaoona nyuma ya kila ukweli kuna nguvu inayotafuta kutawala. Ukristo unasema tofauti kati ya vitu si lazima iwe uadui, kwa sababu ndani ya Mungu mwenyewe, Baba, Mwana na Roho, mna tofauti isiyo na vita. Uovu upo, tena mwingi, lakini ni uharibifu wa kitu chema. Hauna mizizi yake.

Haya amechota kwa Augustino, Mwafrika wa Kaskazini, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354 na kufa akiwa askofu wa Hippo mwaka 430, miji iliyo Algeria ya leo. Roma iliporwa mwaka 410, wapagani wakawalaumu Wakristo, naye akajibu kwa Mji wa Mungu, vitabu 22 vilivyomchukua zaidi ya miaka 10. Katika kitabu cha 4, sura ya 4, anauliza: ukiondoa haki, falme ni nini ila magenge makubwa ya wanyang'anyi? Katika kitabu cha 19 anasema hata majambazi wanataka amani, ila wanataka amani yao. Katika sura ya 24 ya kitabu hicho anasema watu huwa taifa kwa kuungana katika vitu wanavyovipenda pamoja, kwa hiyo ukitaka kulijua taifa tazama linapenda nini. Kwangu mimi sentensi hiyo ina faida zaidi kwa mchambuzi wa siasa kuliko nadharia nyingi za mkataba, kwa sababu inampa kitu cha kwenda kukitazama: bajeti, sherehe, makaburi ya mashujaa, mambo yanayowatoa watu machozi.

Pale hoja inapoharibika. Kosa la kwanza ni kuisoma kama ruhusa ya kudharau takwimu na utafiti. Ukitaka kujua watoto wangapi hawaendi shule katika kata fulani, lazima uwahesabu, na hesabu haina dhehebu. Kinachohojiwa ni pale mtafiti anapoacha kuhesabu na kuanza kusema binadamu ni nini.

Kosa la pili ni kuisoma kama wito wa dola ya Kikristo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 3, inasema nchi haina dini, na ibara ya 19 inafanya kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi. Ibara hizo zimewalinda Waislamu na Wakristo kuishi mtaa mmoja, na simwoni Mkristo mwenye busara anayetaka zifutwe. Swali la Milbank ni jingine: nani aliamua kwamba dini ni mambo hayo matatu, na kwamba jinsi unavyolipa vibarua au kugawa ardhi si dini? John Mbiti wa Kenya aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wa mapokeo dini imeenea katika maisha yote hata si rahisi kuitenga. Muislamu anayejua fiqhi ataliona swali hilohilo mara moja, na mwanaanthropolojia Talal Asad ameliuliza kwa kina akitokea upande huo.

Kosa la tatu ni la Milbank mwenyewe. Simulizi lake la namna mambo yalivyoharibika linamtwika mzigo mkubwa Duns Scotus, mtawa Mfransisko aliyefariki mwaka 1308, kwa kusema neno "kuwapo" lina maana moja kwa Mungu na kwa viumbe. Richard Cross na wataalamu wengine wa Scotus wanalalamika kwamba hajasomwa kwa haki: lilikuwa fundisho juu ya namna maneno yetu yanavyoshika maana, halikumpunguza Mungu awe kitu kimoja kati ya vitu. Nawaunga mkono. Hoja kuhusu Hobbes na Weber inasimama hata ukimwachia Scotus apumzike.

Kwa anayetaka kusoma, kitabu kina sehemu 4 na sura 12. Usianze mwanzo na kujilazimisha kwenda mbele. Anza na ya 12, ambako anasema anachokiamini, kisha ya 1 na ya 2, halafu ya 4 na ya 5 juu ya Weber na sosholojia ya dini. Sura ya 6 na ya 7 zinamhitaji aliyekwisha kuonja Hegel na Marx, na ya 10 inaweza kusubiri mwaka mzima. Kando yake weka Mji wa Mungu: kitabu cha 14 sura ya 28, na cha 19 sura ya 11 hadi 17, kisha 21 hadi 24.

Waseminari na makatekista wasiiache ya 8. Ndipo anapozungumza na teolojia ya ukombozi, ile inayosoma Injili kutoka upande wa maskini, na hoja yake inagusa njia ya "ona, amua, tenda" inayotumika katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu. Tumezoea kuona kwanza, kwa macho ya kawaida, kisha kuleta Neno wakati wa kuamua. Yeye anauliza: hayo macho ya kawaida ni ya nani? Jumuiya ikikaa kuzungumzia vijana wasio na kazi na mtu akasema "tatizo ni wao hawajitumi", tayari fundisho juu ya binadamu limeingia kabla Biblia haijafunguliwa. Dawa yake si ngumu: Neno lisomwe mwanzoni pia, na katika hatua ya kuona waulizwe vijana wenyewe.

Limebaki lililo zito kuliko yote. Sura ya 12 inasema Kanisa ndilo mji mwingine, mahali ambapo amani isiyotegemea adui inaonekana kwa macho. Augustino mwenyewe alikubali, baada ya kusita miaka mingi, nguvu za dola zitumike kuwarudisha kundini Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga, na akaandika barua za kulitetea jambo hilo. Na mwaka 1994 Pasaka iliangukia tarehe 3 Aprili. Siku nne baadaye mauaji yalikuwa yameanza Rwanda, nchi ya Wakristo wengi sana, na watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Tarehe 10 Aprili Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma, ikalitafakari Kanisa kama familia ya Mungu.

Anayefundisha sura ya 12 bila kuitaja Rwanda anafundisha kitu kisicho na mwili. Emmanuel Katongole, padri na mwanateolojia wa Uganda, ameshika hoja iliyo karibu na ya Milbank, kwamba siasa hujengwa juu ya masimulizi ya mwanzo, na kwamba Kanisa barani Afrika limeyapokea masimulizi ya dola na kabila kama hali halisi, likabaki na kazi ya kushauri na kufariji. Lakini yeye hatulii kwenye maelezo ya Kanisa lilivyopaswa kuwa. Anakwenda Burundi, Ruyigi, ambako Marguerite Barankitse, Mtutsi, alijaribu kuwaokoa Wahutu waliojificha kwenye majengo ya askofu mwezi Oktoba 1993. Zaidi ya watu 70 waliuawa mbele ya macho yake. Akabaki na watoto, na kutokana nao ikaanza Maison Shalom: nyumba za watoto wa makabila yote, baadaye hospitali, sinema na bwawa la kuogelea. Mwaka 2015 alilazimika kukimbilia Rwanda, akaendelea na kazi huko kati ya wakimbizi Warundi.

Ukifika sura ya 12, weka kando yake bwawa hilo la Ruyigi na orodha ya makanisa ya Rwanda, vyote viwili, ndipo uisome.